Nimeliboresha Gari la Marehemu Baba Mkwe, Sasa Haliwaki Mpaka Lisukumwe

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na nakuomba kabla hujaendelea ukae vizuri na usicheke, kwa sababu kila niliyemweleza jambo hili amecheka kwanza halafu ndiyo akaniambia pole, na pole za namna hiyo nimezichoka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili, na wanafunzi wananiita Kanuni kwa sababu napenda kila kitu kiende kwa kanuni, jina ambalo wao wanadhani wananikejeli nalo lakini mimi nalibeba kama cheo. Mke wangu anafundisha udereva. Shule yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye ubao wa alama za barabarani na viti vinne, pamoja na gari moja, na vyote alirithi kwa baba yake, marehemu baba mkwe wangu, mzee aliyewafundisha nusu ya madereva wa mji huu kwa gari hilo hilo. Ni gari la rangi ya maziwa, lenye taa mbili za duara na usukani mwembamba, limetengenezwa kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Jina la shule mzee aliliandika kwa mkono wake ukutani, kwa rangi nyekundu, na herufi zinapanda kidogo kadiri zinavyokwenda mwisho kwa sababu alikuwa amesimama kwenye ngazi iliyoinama. Wanafunzi wanamwita mke wangu Mama Klachi.

Sasa tatizo, Mshauri, ni kwamba gari lile lilikuwa na kabureta, na kwa faida ya wasomaji wasiojua, kabureta ni kile kidude cha zamani juu ya injini ambacho kinachanganya petroli na hewa kwa kukisia tu, hakipimi, hakihesabu, kinanyonywa na injini na chenyewe kinatoa kinachotoka. Kila asubuhi ya baridi mke wangu alikuwa anavuta choki, yaani kile kitufe cha dashibodi cha kuongeza petroli injini ikiwa ya baridi, anakanyaga mafuta mara mbili, anasubiri kidogo, analiambia gari maneno fulani ambayo sijawahi kuyasikia vizuri, halafu anapiga stata na linawaka. Lilikuwa linawaka, sikatai. Lakini lilikuwa linawaka bila kanuni, na mtu wa fani yangu hawezi kuamka miaka yote hiyo akashuhudia jambo kama lile uani kwake akanyamaza.

Ndipo nikakutana na video za bwana mmoja wa mbali mwenye ndevu nyingi na gereji safi kuliko jiko letu, ambaye alichukua gari la umri ule ule, akang'oa kabureta, akaweka mfumo wa kompyuta, yaani pampu ya umeme inasukuma petroli kwa nguvu, nozeli zinaipuliza ndani ya injini, na kompyuta ndogo inaamua ipulizwe kiasi gani, na kazi yote aliifanya kwa siku mbili huku anakunywa kahawa, na mwisho akasema mtu yeyote anayejua kushika spana anaweza. Mimi spana najua kushika. Nilizitazama video zake miezi mitatu, nikaandika daftari zima, nikaagiza vifaa, na vilipofika nikavificha chini ya kitanda cha wageni nikingoja nafasi.

Nafasi ilikuja pale mama mkwe alipofanyiwa upasuaji wa jicho na mke wangu akaenda kumuuguza wiki tatu. Akaniachia funguo, akaniambia, "Baba watoto, liwashe kila baada ya siku mbili betri isilale." Nikaitikia vizuri kabisa. Hata basi lake lilikuwa halijakata kona, mimi boneti iko juu.

Sitaki kukuchosha na kazi yenyewe, ingawa ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Nililaza vipande kwenye meza ya chakula nikavipa namba, na kwa wiki tatu hizo kila kitu ndani ya nyumba kilinuka petroli, mpaka sukari. Kwenye ekzosi ilibidi litobolewe tundu na kuchomelewa kitako cha kifaa kinachopima moshi, kwa hiyo nilimwita fundi wa mageti wa mtaani kwetu.

"Hiki ni cha nini, Mwalimu?" akaniuliza.

"Kinanusa moshi."

"Kikishanusa?"

"Kinaiambia kompyuta."

Akavua miwani yake ya kuchomelea, akanitazama sana, akaniuliza nyumbani wote hawajambo. Nikamwambia hawajambo, achomelee tu.

Upande wa umeme nilikwenda kwa uangalifu mkubwa zaidi. Kompyuta inahitaji waya unaopata moto mtu akifungua swichi, na chini ya dashibodi kulikuwa na nyaya nyingi zimesokotana, nyingine zimefungwa kwa utepe wa kitambaa na baba mkwe mwenyewe, basi nikachagua waya uliokuwa karibu na ulio safi kuliko zote, waya wa redio, nikaiungia kompyuta pale. Kompyuta ikawaka taa yake ya kijani. Bwana wa ndevu alisema taa ya kijani maana yake kila kitu ni salama, na mimi niliitazama taa ile mpaka machozi yakanilenga. Boliti zilizobaki ni mbili tu, nimeziweka kwenye kikombe.

Hapa sasa ndipo penye kuungama, na naomba usinikatize. Kabureta ilipotoka nilikuwa nayo mkononi, na juma lile lile kidato cha tatu walikuwa wanasoma mgandamizo wa hewa kwenye bomba jembamba, na miaka ishirini na mbili nimekuwa nikiwachorea kabureta ubaoni bila hata mmoja kuelewa. Nikaipeleka maabara, nikaibana, nikaikata katikati kwa msumeno wa chuma kuanzia juu mpaka chini. Nusu moja nikaipaka rangi nyekundu mahali inapopita petroli na buluu inapopita hewa, nikaigongomea kwenye ubao na kibandiko kinachosema "Enzi Zilizopita", nusu ya pili nikaiweka kabatini kama akiba. Somo lile lilifana sana, Mshauri, hata wale wa nyuma walinyoosha mikono. Mke wangu hajui. Alipouliza kabureta iko wapi nilimwambia iko mahali salama, na huo si uongo, kabati lina kufuli.

Basi akarudi. Gari nimeliosha, nimelifunga utepe kwenye kioo, mimi nimevaa shati la sherehe. Akazunguka akaingia, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye choki, akakuta hakuna choki, kuna tundu nililoziba kwa kizibo cha chupa. Akanitazama. Nikamwambia, "Piga ufunguo tu, mke wangu, mambo ya kubembeleza yamekwisha." Akapiga. Stata ikazunguka vizuri, nguvu inayo, injini kimya. Akapiga tena, kimya. Mara ya tatu mimi nikawa nimeshaanza kueleza.

Sasa ona jinsi watu wanavyoweza kutoka nje ya mada. Badala ya kunisikiliza aliinama chini ya dashibodi, akatoka na waya mkononi akauliza, "Hii kompyuta yako umeiungia kwenye redio ya baba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Redio ya baba huwa inanyamaza ukipiga stata." Na akaanza kunisimulia eti alipokuwa mtoto alikuwa anakaa kiti cha nyuma, baba yake akipiga stata redio inakatika katikati ya wimbo, na yeye alikuwa anauendeleza ule wimbo moyoni ili redio ikirudi aone kama wako pamoja, na kwamba mara nyingi walikuwa pamoja. Mimi nimetoka jasho wiki tatu, yeye ananiletea hadithi za utotoni. Nikamwambia, kwa upole kabisa, "Mke wangu, hapa tunazungumzia injini, hatuzungumzii muziki." Akauweka waya chini taratibu, akachukua begi lake, akaingia ndani. Tangu siku hiyo kuhusu gari hajaniambia tena neno la ushauri, na mimi nilidhani ameridhika.

Gari kuwaka linawaka, nisije nikaeleweka vibaya. Tunaishi mtaa wa mteremko, na siku ya pili tulipolisukuma, mtu mmoja ndani, swichi imefunguliwa, gia ya pili, akaachia klachi, injini ilishika mara moja na ikanguruma kwa utulivu ambao kabureta ile isingeuota. Kwa hiyo kila asubuhi tunalisukuma. Wanafunzi wa mke wangu ndio wanaosukuma, maana ndio waliopo, na fundi wa mageti naye huja kwa hiari yake, nadhani kwa kujifurahisha. Kuna mzee mmoja, karani mstaafu, anakuja na tai, anaitupia tai begani ndipo anasukuma. Kuna mama mmoja aliuliza kama kusukuma kutakuwemo kwenye mtihani. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba muda wote tunaposukuma ile redio inaimba kwa sauti, kitufe chake cha kuzimia kilivunjika zamani, kwa hiyo watu wanatoka madirishani wakidhani kuna msafara wa mgombea.

Nimejaribu kila kitu. Mpangilio wa kompyuta nimeubadilisha mara kumi na nne. Plagi nimeweka mpya, pampu nimeifungua nikaifunga, mpira wa petroli uliokuwa unavujisha harufu nimeuongezea kibano. Waya wa kompyuta nimeupima, volti kumi na mbili nukta sita, safi kabisa, na nilipima kitaalamu, peke yangu, nimefungua swichi nikainama chini ya dashibodi, mita mkono huu, tochi mkono huu, maana sikutaka kumwita mke wangu akaona nina wasiwasi na kazi yangu. Bwana wa ndevu nilimwandikia kurasa mbili, akanijibu kwa kidole gumba.

Sasa maji yamenifika shingoni, kwa sababu Alhamisi ijayo anakuja mkaguzi wa magari ya mafunzo. Huja kila baada ya miaka miwili, na masharti yake hayana mjadala, gari lazima liwake kwa ufunguo, injini ikiwa ya baridi, mara tatu mfululizo, mwalimu mwenyewe akiwa kwenye usukani. Likishindwa kibali kinafutwa papo hapo, wale wanafunzi kumi na mmoja walioandikishwa kwa mtihani wanahamishiwa shule nyingine, na lile jina la ukutani linapakwa chokaa. Mke wangu amehamia kulala kwenye chumba cha darasa, godoro liko chini ya ubao wa alama, na alama iliyo karibu kabisa na mlango ni ile ya Hakuna Kuingia. Juzi alikuwa anapiga pasi, nikapita, akasema bila kuinua macho, "Baba nilimzika mara moja, nikadhani yamekwisha. Wewe unanizikisha mara ya pili." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Naomba uniambie, Mshauri, nimtulizeje mtu ambaye haelewi teknolojia, nimwambie habari za kabureta au nisubiri hasira zipungue, na je, mkaguzi anaweza kuandikiwa barua ya kitaalamu akakubali gari liwashwe kwa kusukumwa, ikizingatiwa kwamba likishawaka linakwenda vizuri kuliko zamani? Barua yenyewe nimeshaiandika, ina vielelezo vitatu.

Ni mimi,
Mwalimu Niliyeboresha

MSHAURI ANAJIBU:

Bwana Mwalimu Uliyeboresha, barua yako ilikuwa ya arobaini kwenye foleni. Mbele yako kulikuwa na dada ambaye mawifi zake wamemgeukia na kaka anayempenda daktari wake wa meno. Nimewaomba radhi wote wawili, nimekuweka toleo hili la Jumatatu, kwa sababu Alhamisi haisubiri mtu. Na nimecheka. Uliniomba nisicheke, nimeshindwa, nisamehe. Nilikwama kwenye tai ya karani.

Halafu nikafika kwenye pasi, kicheko kikakata.

Tuanze na gari, maana ndilo jepesi. Mimi boneti sijawahi kuifungua maishani mwangu. Nikiingia kwenye gari najua mlango na mkanda, basi. Lakini kusoma najua, na barua yako niliisoma mara mbili, jambo ambalo naona wewe mwenyewe hukulifanya kabla ya kuitia kwenye bahasha. Umeandika kwa mkono wako kwamba kompyuta umeiungia kwenye waya wa redio. Umeandika kwamba mkeo alikuambia redio ile hunyamaza stata ikipigwa. Umeandika kwamba mkisukuma, ambapo stata haipigwi, redio inaimba mpaka watu wanatoka madirishani, na injini inashika mara moja. Sasa wewe ndiye mwalimu wa fizikia, mimi ni mama wa ukurasa wa saba. Redio ikinyamaza, kompyuta iliyoshika waya ule ule inafanya nini?

Nakupa muda ukae chini.

Inazima, bwana Kanuni. Kila mkeo anapopiga stata, ile taa yako ya kijani iliyokuliza inazima, kompyuta inalala usingizi, nozeli hazipulizi kitu, na stata inazunguka bure. Mkiachia ufunguo kompyuta inaamka, lakini stata nayo imeshasimama. Wamekuwa wakipishana mlangoni wiki nzima kama wewe na mkeo. Jibu ulipewa siku ya kwanza, dakika ya kwanza, bure, na mtu aliyekaa kiti cha nyuma cha gari lile tangu miguu yake haijafika chini. Ukamwambia hamzungumzii muziki.

Hili ndilo lililoniudhi, na nitalisema lote. Mtu wa mbali asiyekujua jina amekaa kwenye gereji yake anakunywa kahawa, umemwandikia kurasa mbili, amekujibu kwa kidole, na bado unamwita bwana. Mkeo amekupa sentensi moja yenye jibu, umeiita hadithi za utotoni. Mzee wake hakuandika daftari. Aliyoyajua kuhusu gari lile mengine aliyaacha kwenye masikio ya binti yake, na wewe kanuni umeitafuta kwenye mtandao miezi mitatu ilhali ilikuwa inakupikia chai.

Na kile kipimo chako cha kitaalamu! Volti kumi na mbili nukta sita, sikatai, lakini ulipima gari likiwa limetulia, hakuna anayepiga stata. Mikono yako miwili ilikuwa na mita na tochi, nani angeugeuza ufunguo? Kipimo kile kinataka watu wawili, mmoja ameinama na mita na mwingine yuko kwenye kiti. Ungemwita mkeo akageuza ufunguo, ungeona namba inaporomoka mpaka sifuri mbele ya macho yako, na barua hii nisingeipata. Ulikuwa na haya ya kuita. Haya hiyo imekugharimu wiki nzima, na yeye inaweza kumgharimu shule.

Ili nisikupotoshe, nilimsomea barua yako dereva anayesambaza gazeti hili, mtu mwenye gari lililoungwaungwa kila mahali. Tulipofika kwenye redio aliinua mkono kama mwanafunzi. Anasema uutafute waya unaopeleka moto kwenye koili ya plagi, ile inayozipa plagi cheche, maana huo lazima ubaki na moto swichi ikifunguliwa na stata ikipigwa pia, vinginevyo gari lisingewaka enzi hizo za kabureta. Upime hivyo hivyo kwa hali zote mbili, watu wawili, ukiona haukatiki, hapo ndipo pa kuhamishia kompyuta yako. Anasema kazi yenyewe haifiki nusu saa. Halafu akaacha kucheka akaniuliza nirudie pale penye mpira wa petroli na kibano. Anasema pampu yako mpya inasukuma kwa nguvu ambayo mpira wa zamani haukutengenezwa kuibeba, na harufu ile ni petroli inatafuta njia ya kutoka juu ya injini ya moto. Kwa hiyo leo hii, kabla ya waya, kabla ya kitu chochote, ung'oe mpira huo uweke ule wa mgandamizo mkubwa kuanzia kwenye tangi mpaka mwisho, uweke na kizimamoto ndani ya gari, na mwanafunzi yeyote asikanyage humo mpaka harufu iishe kabisa. Hili silisemi kwa utani. Na zile boliti mbili za kwenye kikombe zina kwao, zitafute zilikotoka.

Barua ya mkaguzi ichane, pamoja na vielelezo vyake vitatu.

Sasa kabureta. Mwalimu, Mwalimu, Mwalimu. Nimeshika tama hapa mpaka mhariri ameniuliza kama nimefiwa. Umekipasua kitu cha marehemu kwa msumeno, ukakipaka rangi, ukakibandika maneno ya kukizomea, na nusu ya pili umeifungia kabatini kama kipuri. Unaniuliza umwambie au usubiri hasira zipungue. Hasira hizi hazipungui, zinakutazama tu. Na kidato cha tatu wana midomo, mmoja wao ataanza mafunzo ya udereva mwakani, atakaa kando ya mkeo na kumsifia somo lako zuri la kabureta. Unataka asikie kutoka kwake?

Utakwenda maabara kesho asubuhi, utang'oa kile kibandiko, utazichukua nusu zote mbili, utazifunga kwenye kitambaa safi. Utabisha hodi kwenye chumba cha darasa, ndiyo, chumba cha nyumba yako mwenyewe, utabisha, utangoja uambiwe karibu. Usiingie na maelezo. Utamwambia, "Ulichosema kuhusu redio kilikuwa kweli, na sikukusikiliza," na hapo ukomee. Usiongeze "lakini". Nawajua watu wa kanuni, neno hilo linawatoka kama kikohozi. Halafu fungua kitambaa umwonyeshe. Atakachosema hapo sikijui, huenda ni kirefu, huenda ni kizito, huenda asiseme chochote. Chochote kitakachokuja ni halali yako, kipokee ukiwa umesimama. Nusu ile yenye rangi mpe yeye aamue ikae wapi. Akitaka kuizika, chimba.

Ukimaliza hapo, muombe akusaidie kupima ule waya. Usimpe kazi ya kushika tochi. Yeye akae kwenye usukani ageuze ufunguo, wewe uiname chini na mita yako, na ukiiona namba inaporomoka mwambie kwa sauti, asikie.

Usinielewe vibaya, mfumo wako si mbaya. Huenda hata ni mzuri, na mtu anayeweza kufanya kazi ile peke yake mezani kwake bila kulipua nyumba si mjinga. Kosa lako halikuwa kubadilisha gari. Ulingoja mwenye gari aende kumuuguza mama yake ndipo ukabadilisha, halafu ukamvalia shati la sherehe ili akushukuru. Gari lile halikuwa lako la kuboresha. Ungemuuliza, labda angekubali, na choki angeing'oa kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi amka mapema, uoshe gari, lakini utepe uache. Mkaguzi akifika, mkeo atakaa kwenye usukani na mkaguzi kando yake. Wewe utakaa nyuma, upande ule aliokuwa anakaa yeye akiwa mtoto, muulize ni upi. Swichi ikifunguliwa redio itaimba. Akipiga stata itanyamaza, ndivyo ilivyo, mzee aliiacha hivyo na msiitengeneze. Hapo katikati, kwenye kile kimya, usieleze kitu, usihesabu, usimwambie mkaguzi habari za nozeli. Uendeleze wimbo moyoni. Redio ikirudi, tazama kama mko pamoja.